Mke wa mwoka mikate katoroka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanawake, mapenzi na heshima katika sinema ya zamani ya Ufaransa

Maswali haya nimeyaokota kwa watu ninaokaa nao kutazama filamu hizi. Mengine huulizwa kabla taa hazijazimwa, mengine kwa sauti ya chini wakati watu wanavaa viatu. Nimeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotugombanisha. Tahadhari: miisho ya filamu nyingi imesimuliwa humu, maana huwezi kuzungumzia heshima ya mwanamke katika sinema bila kusema alivyoishia.

## Kabla hujaanza

1. "Sinema ya zamani ya Ufaransa" ni ya miaka ipi?

Hapa ni ile ya tangu sauti ilipoingia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, hadi kukaribia 1968. Nitarudi nyuma mara moja kwenye filamu bubu (swali la 14). Nyingi ni nyeusi na nyeupe.

2. Kwa hiyo ni filamu za ngono?

Hapana. Anayezitafuta kwa ajili hiyo atalala saa tatu. Hata ile iliyofikishwa mahakamani Marekani (swali la 10), katika dakika zake moto kabisa, kamera imebaki kwenye uso wa mwanamke. Kilichowakera watu ni kwamba uso wenyewe ulikuwa na furaha.

3. Si Wafaransa walikuwa huru kuliko wote?

Ukiwalinganisha na Hollywood, ndiyo. Kuanzia 1934 Wamarekani walibanwa na kanuni za Hays: uzinzi usipendezeshwe, mkosaji asiishie vizuri. Ufaransa haikuwa na orodha ya namna hiyo. Mwongozaji aliweza kuonyesha hawara, danguro, mimba isiyo na baba, na bado picha ikaenda kwenye kumbi.

Lakini kulikuwa na wakaguzi wa serikali, mameya, mapadri, na sheria za ndoa ambazo ukizisoma leo utadhani ni za karne nyingine. Kwa kweli zilikuwa za karne nyingine. Tazama swali la 5.

4. Nianze na ipi?

*La Femme du boulanger*, yaani "Mke wa mwoka mikate", ya Marcel Pagnol, 1938. Inachekesha, haina aibu ya kutazama na wakubwa, na kiini cha mada yote kimo ndani ya tanuri moja la mikate. Nimeieleza katika swali la 8.

## Sheria, wakaguzi na padri

5. Sheria ya Ufaransa ilisemaje kuhusu mke aliyezini?

Kanuni ya adhabu ya 1810, ya enzi za Napoleon, ilimpa mke mzinzi kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, na mume akawa na uwezo wa kukikatisha akikubali kumrudisha nyumbani. Mume mzinzi je? Kosa lake lilihesabiwa pale tu alipomweka kimada ndani ya nyumba ya ndoa, na adhabu yake ilikuwa faini. Akiwa na nyumba ndogo mtaa wa pili, sheria haikuwa na habari naye. Zaidi ya hapo, mume aliyemfumania mkewe nyumbani mwao akamuua palepale alikuwa na udhuru wa kisheria wa kupunguziwa adhabu. Vifungu hivi vyote vilifutwa Julai 1975. Si kosa la chapa: 1975.

Ongeza na haya. Wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza Aprili 1945. Mke kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mume kuliwezekana baada ya sheria ya Julai 1965. Vidonge na njia nyingine za kupanga uzazi vilihalalishwa Desemba 1967. Kabla ya hapo, sheria ya 1920 ilikataza hata kuvitangaza. Kwa hiyo unapomwona mwanamke katika filamu ya 1958 akitoka mlangoni alfajiri na begi mkononi, kumbuka anachokiacha nyuma: watoto, fedha, na jina ambalo mahakama inaweza kulichafua.

6. Nani aliyekagua filamu?

Baada ya vita, amri ya Julai 1945 ilitaka kila filamu ipate kibali cha serikali. Tume ilitazama ikatoa ushauri, lakini neno la mwisho lilikuwa la waziri. Walioweza kuzuiwa mlangoni walikuwa vijana chini ya miaka 16. Mwaka 1961 ngazi zikawa mbili, 13 na 18. Mwaka huohuo televisheni ilianza kuweka kipande cheupe pembeni ya kioo pale kipindi kilipokuwa hakifai watoto. Naambiwa watoto walikimbia kukitazama kipande hicho kuliko walivyokimbia kulala, na naamini.

Kisa ninachokipenda ni cha mwongozaji Jean-Luc Godard, 1964. Filamu yake iliitwa *La Femme mariée*. Wakaguzi wakataka kichwa kibadilishwe kiwe *Une femme mariée*. Tofauti ni neno moja dogo: la kwanza linasikika kama kusema "mke, yaani wake wote", la pili "mke fulani tu". Kwa Kiswahili tungeandika *Mwanamke aliyeolewa* mara zote mbili, na wakaguzi wasingepata pa kushika. Kwa Kifaransa neno hilo dogo lilibeba heshima ya wake wote wa nchi.

Kanisa nalo lilikuwa na mizani yake. Ofisi ya Kikatoliki ya sinema iliipa kila filamu alama, na alama hizo zilibandikwa milangoni mwa makanisa ili muumini ajue ipi ya familia nzima na ipi ya kuikimbia.

7. Filamu ikiwa na kibali cha Paris, meya wa mji aliweza kuizuia?

Aliweza. Meya wa Nice aliipiga marufuku *Le Feu dans la peau*, jina lenye maana ya "moto ndani ya ngozi". Wasambazaji wakashitaki, na Desemba 1959 Baraza la Taifa, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya serikali, likaamua kwamba meya anaweza kuzuia filamu yenye kibali ikiwa utovu wake wa maadili, ukichanganyika na hali ya mahali hapo, unaweza kuvuruga utulivu. Hukumu hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya Ufaransa. Filamu yenyewe haitazamwi na mtu.

## Filamu zenyewe

8. Kuna nini kuhusu yule paka?

Ni wa *La Femme du boulanger*. Aimable, mwoka mikate mnene na mpole anayeigizwa na Raimu, amehamia kijiji cha Provence, kusini mwa Ufaransa, na mke wake Aurélie, mdogo na mzuri. Aurélie anatoroka usiku na mchunga kondoo. Mwoka mikate anazima tanuri. Hakuna mke, hakuna mkate.

Hapo ndipo Pagnol anapocheza. Kijiji kimejaa watu wasiosalimiana: padri kijana na mwalimu asiyeamini Mungu, majirani waliorithi ugomvi wa babu zao. Uzinzi wa Aurélie ulipokuwa umbea tu, kila mtu aliufurahia. Ulipokuja kuwa njaa, wote wakaungana kumtafuta, padri na mwalimu wakashika njia moja. Maadili ya kijiji yakaonekana yalipo: tumboni.

Anarudishwa usiku. Mume hampigi, hamwulizi. Anampa mkate aliokuwa ameuoka kwa umbo la moyo. Kisha anaingia paka jike wao, Pomponette, aliyepotea siku kadhaa. Mwoka mikate anamgeukia: malaya wewe, ndiyo unarudi sasa? Na huyu Pompon masikini, dume lako, umejua alivyoteseka akikutafuta kila kona? Matusi yote yanamshukia paka, machozi yanamtoka mke.

Mtu aliyekulia pwani yetu hahitaji kueleweshwa chochote hapo. Hivyo ni vijembe, na vya daraja la juu. Nimeshaona chumba kizima kikicheka kisha kikanyamaza ghafla katikati ya maneno, kwa sababu mzee anaanza kumwuliza paka alichokosa nyumbani, na sauti si ya kugomba tena. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya wakati huo (swali la 5) mtu huyu angeweza kumpeleka mkewe jela. Anawasha tanuri.

9. Brigitte Bardot alifanya nini cha ajabu hivyo?

Alicheza ngoma ya mambo juu ya meza bila kujali nani anamwangalia. Filamu ni *Et Dieu… créa la femme* ya Roger Vadim, 1956, iliyopigwa Saint-Tropez. Juliette ni yatima anayetishiwa kurudishwa alikotolewa kwa sababu ya tabia zake, na anaolewa na Michel kwa kuwa ndoa inamsalimisha, wakati moyo uko kwa kaka wa mume.

Kinachosahauliwa ni mwisho. Baada ya ngoma ile maarufu, mume anamzaba makofi na kumrudisha nyumbani, na filamu inataka tuone mambo yamekaa sawa. Mwandishi Simone de Beauvoir aliandika insha ndefu kuhusu Bardot mwaka 1959, na hoja yake ilikuwa kwamba watu walichukizwa na msichana anayetamani kama wanaume wanavyotamani, bila kuona haya. Nakubaliana naye kuhusu Bardot. Kuhusu filamu, yale makofi yananikwaza kila nikiyaona.

10. Ni kweli filamu ya Kifaransa ilifika Mahakama Kuu ya Marekani?

Ndiyo: *Les Amants* ya Louis Malle, 1958. Jeanne Moreau ni mke wa mwenye gazeti huko Dijon, ana mtoto wa kike, ana hawara Paris anayecheza polo. Gari lake linaharibika barabarani, kijana mmoja anampa lifti kwenye kigari cha 2CV. Usiku huo, mume na hawara wote wawili wakiwa wamelala ndani ya nyumba ileile, yeye anamchagua wa tatu. Asubuhi anaondoka naye.

Meneja wa ukumbi huko Cleveland Heights, Ohio, Nico Jacobellis, alitozwa faini ya dola 2,500 kwa kuionyesha. Juni 1964 Mahakama Kuu ikafuta hukumu. Jaji Potter Stewart aliandika kwamba hawezi kueleza uchafu wa aina ile ni nini hasa, ila akiuona anaujua, na katika filamu hii haumo. Wamarekani wanalinukuu neno hilo hadi kesho, wengi wao hawajui kwamba lilizaliwa na uso wa Moreau.

Lakini sikiliza mwisho. Ndani ya gari, alfajiri, Jeanne anajitazama kwenye kioo, na sauti ya msimulizi inasema kwamba alikuwa na hofu lakini hakujutia chochote. Hafi. Hafungwi. Harudi. Kwangu mimi hapo ndipo kashfa ilipokuwa, kuliko kitandani, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

11. Kwa nini mwanamke hufa kila mara mwishoni?

Si kila mara, ila ni mara nyingi mno. Catherine wa *Jules et Jim* (1962) anaendesha gari na mpenzi wake hadi kwenye daraja lililokatika. Nana wa *Vivre sa vie* (1962) anapigwa risasi barabarani, wanaume wakigombania bei yake. Bibi mwenye hereni katika *Madame de…* ya Max Ophüls (1953) moyo unamsimama kwa ajili ya pambano la bastola kati ya mumewe na mpenzi wake.

Naiona kama kodi. Mwongozaji anaruhusiwa kutuonyesha mwanamke anayependa apendavyo kwa dakika tisini, kisha analipa dakika ya mwisho kwa mwili wa mwanamke huyo. Mtazamaji amefurahia, na anarudi nyumbani na dhamiri safi. *Les Amants* haikulipa.

Filamu inayoishtaki kodi hiyo ni *La Vérité* ya Henri-Georges Clouzot, 1960. Bardot yuko kizimbani kwa kumuua mpenzi wake. Kuua ameua, hilo halibishaniwi sana. Kinachohukumiwa ni alilala na nani, aliamka saa ngapi, alisoma vitabu gani. Msichana anajiua gerezani kabla ya hukumu, na mawakili wanahamia kwenye kesi nyingine kama watu wanaopanda daladala ijayo.

12. Na zile za mimba nje ya ndoa?

Anza na hadithi ya Pagnol ya bandari ya Marseille: *Marius* (1931), *Fanny* (1932), *César* (1936). Fanny, muuza kome na chaza, ana mimba ya Marius aliyekimbilia baharini. Panisse, mtengeneza matanga mwenye umri wa baba yake, anamwoa akijua kila kitu. Kiswahili kina neno ambalo Kifaransa kinalizungukia tu: anamsitiri. Na Panisse anampenda yule mtoto kwelikweli, kiasi kwamba Marius anaporudi kumdai, mtazamaji hajui amwonee nani huruma.

Upande wa giza uko *Le Corbeau*, Clouzot tena, 1943, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Barua zisizo na jina zinamwagika mjini, zikimtuhumu daktari kwa uzinzi na utoaji mimba. Hiyo haikuwa tuhuma ya mchezo: mwaka huohuo, Julai 1943, mwanamke aitwaye Marie-Louise Giraud alikatwa kichwa kwa kuwatoa wenzake mimba. Claude Chabrol alitengeneza filamu kutokana na kisa chake mwaka 1988.

13. Madanguro yanaonekana sana. Yalikuwa halali?

Yalikuwa, hadi sheria ya Aprili 1946 ilipoyafunga. Ndiyo maana katika filamu za baadaye yana harufu ya kumbukumbu. Katika *Le Plaisir* ya Ophüls (1952) wanaume wa mji mdogo wanakuta danguro limefungwa usiku wa Jumamosi, na kibao kinasema limefungwa kwa sababu ya komunyo ya kwanza. Mwenye nyumba amewapeleka wasichana wake kanisani kijijini kwa sherehe ya mtoto wa kaka yake. Wanaingia ibadani, mmoja anaanza kulia, kilio kinaambukiza kanisa zima, na padri anadhani Roho Mtakatifu ameshuka. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba amekosea.

Kuhusu *Belle de jour*, nenda swali la mwisho.

## Maswali ya wabishi

14. Hizi zote si macho ya wanaume?

Karibu zote. Wanawake waliopata kamera walikuwa wachache, na tofauti inaonekana. Germaine Dulac, katika filamu bubu *La Souriante Madame Beudet* (1923), ana mke wa mji mdogo na mume mwenye mzaha mmoja tu: kujielekezea bastola isiyo na risasi. Siku moja mke anaitia risasi. Mume, kwa mzaha uleule, anamwelekezea mke, inalia, inakosa. Anamkumbatia akidhani alitaka kujiua. Hakuna hawara, hakuna kitanda, na bado ni filamu kali kuliko nyingi humu.

Jacqueline Audry alitengeneza *Olivia* (1951), mapenzi ya msichana kwa mwalimu wake mkuu wa kike, bila kuchekesha wala kutisha. Kisha Agnès Varda, ambaye amestahili swali lake.

15. *Le Bonheur* inasifu wanaume wawe na wake wawili?

Hili linaulizwa na watu wa kwetu kwa shauku kuliko wengine. Varda, 1965: seremala kijana, mke mshonaji, watoto wawili, alizeti, Mozart. Anapata mpenzi anayefanya kazi posta na kumweleza mkewe kwa furaha kwamba mapenzi yameongezeka, hayajagawanyika. Mke anatabasamu. Muda mfupi baadaye anakutwa amekufa maji. Mpenzi anaingia nyumbani, anawavisha watoto, anapiga pasi, anamwagilia maua. Familia inatembea tena msituni, rangi zimegeuka za majira ya majani kupukutika.

Wanaoona sifa wanaangalia rangi. Mimi naangalia mikono: Varda anaipiga mikono ya mke akifanya kazi, kisha mikono ya mwingine ikifanya kazi zilezile. Nafasi ilikuwepo, mtu akabadilishwa. Waliokuwa na ndoa za mitala chumbani waligawanyika kabisa. Mama mmoja alisema tu: angalau kwetu mke mkubwa hubaki hai.

16. Kwa nini filamu ya Kifaransa kuhusu mtawa ilipigwa marufuku?

*La Religieuse* ya Jacques Rivette, na Anna Karina. Barua za kuipinga zilianza kumiminika hata kabla haijakamilika. Tume ya wakaguzi ilisema ipite; serikali ikaizuia mwishoni mwa Machi 1966. Mwaka huohuo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na 1967 ikaruhusiwa kwa wenye miaka 18. Marufuku yenyewe ilibatilishwa na Baraza la Taifa mwaka 1975. Watu wanakumbuka mama mkuu anayemtamani msichana. Wachache wanakumbuka Suzanne, msichana huyo, yumo utawani kwa nini: mama yake alimzaa nje ya ndoa, na binti ndiye anayetumwa kulipa.

17. *Hiroshima mon amour* ina uhusiano gani na maadili? Si ya vita?

Mwanamke katika filamu hii ya Alain Resnais (1959), akiwa msichana wa mji wa Nevers, alimpenda askari wa Kijerumani. Wajerumani walipofukuzwa alinyolewa kipara kwa adhabu, na wazazi wakamficha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Hilo lilitokea kweli: wanawake wapatao 20,000 walinyolewa Ufaransa, wengi hadharani, wakizungushwa mitaani. Lilitokea miaka ileile mwanamke wa Kifaransa alipopewa kura.

18. Waigizaji wenyewe waliishi hivyo?

Maisha yao ya chumbani hayatuhusu. Ila Aprili 1971 wanawake 343 walitia saini tamko wakisema wamewahi kutoa mimba, kosa lililokuwa na kifungo. Humo wamo Catherine Deneuve, Jeanne Moreau na Agnès Varda.

19. Nitazame na mama mkwe?

Pagnol, ndiyo, na uandae chai. Zilizobaki, kila mtu na rika lake.

20. Ndani ya kile kisanduku cha *Belle de jour* kuna nini?

Ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Filamu ya Luis Buñuel, 1967: Deneuve ni Séverine, mke wa daktari, mavazi ya Yves Saint Laurent, ambaye kwa siri anafanya kazi danguroni mchana na kurudi nyumbani kabla mume hajafika. Siku moja anakuja mteja mkubwa kutoka Asia na kisanduku kidogo. Anakifungua, kinavuma kama nyuki. Msichana wa kwanza anachungulia na kukataa. Séverine anachungulia na kukubali. Baadaye mtumishi anamkuta amelala kifudifudi, anamwonea huruma, na Séverine anainua uso uliojaa raha.

Sisi hatuonyeshwi. Buñuel aliulizwa maisha yake yote, na jibu alilokuwa akitoa lilikuwa: mna chochote unachotaka wewe.